Jani Moja la Kaka Nikiau

Kaka yangu Nikiau alikuwa dereva asiyepangusa kioo. Ukipanda gari lake kuvuka uwanda wa majivu, na Mzee amekohoa asubuhi hiyo, kioo cha mbele kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Abiria mgeni angemwambia, "Dereva, washa waipa tuone njia." Nikiau hakuwasha. Alisimamisha gari, akateremka na dumu la maji, akamwagia kioo taratibu kuanzia juu, majivu yakashuka yenyewe kama uji, ndipo akarudi kwenye usukani.

"Majivu ya Mzee ni msasa," alikuwa akisema. "Ukiyasugua makavu, leo utaona njia, mwezi ujao hutaona kitu."

Pikapu ile nyekundu alikaa nayo miaka kumi na tisa, na kioo chake kilikuwa kile kile kilichoshuka nayo melini.

Mzee ndiye mlima wetu wa moto, Yasur. Sisi wa kisiwa cha Tanna upande wa mashariki hatumtaji kwa jina ovyo. Tumezaliwa tukimsikia akinguruma nyuma ya nyumba, na mtoto wa kwetu hashtuki akinguruma, hushtuka akinyamaza. Nikiau na mimi tulikuwa tumbo moja. Tulikaa benchi moja shule ya misheni mpaka darasa la sita, mimi nikiwa wa pili darasani na yeye wa mwisho. Nalisema kwa sababu ni kweli, na yeye mwenyewe alikuwa akilisema kuliko mimi. Masomo yake alisomea kwingine. Mjomba wetu Naupa, kaka wa mama, alimchukua tangu akiwa na meno ya utoto, akampandisha na kumshusha mlima ule kwa miguu mpaka akajua kila korongo linajaa maji kwa mvua ya saa ngapi.

Wageni walipoanza kuja kumtazama Mzee, Nikiau ndiye aliyewapeleka, kwa gari kupita njia panda mpaka mwisho wa barabara, kisha kwa miguu mpaka ukingoni. Kabla hawajapiga hatua aliwaambia maneno yale yale, kila kundi, kila siku. Upepo uwe mgongoni. Mtu asikanyage mahali ambapo yeye hajakanyaga. Na Mzee akirusha jiwe, mtu asikimbie. Asimame, alitazame jiwe lenyewe angani, akiona linamjia ndipo asogee hatua moja.

Mume wangu Iati, ambaye hakumwacha shemeji yake apumue, alimuuliza siku moja mbele ya wageni, "Na yakija mawe mawili, shemeji?"

"Hatua mbili."

"Na yakija kumi?"

"Wewe hutahesabu mpaka kumi, utakuwa umeshafika kwa mama yako."

Hivyo ndivyo walivyoishi hao wawili.

Lakini kazi kubwa ya Nikiau haikuwa gari wala wageni. Ilikuwa jani. Kwetu mtu akitaka kufunga njia, au mwamba wa kuvulia, au shamba, huweka jani la namele, refu kama kuti changa, vijani vyake vigumu vyenye ncha kama sindano. Jani likishalazwa njiani, hapapitwi. Hawekwi mlinzi wala hajengi mtu ua. Anayevuka hulipa nguruwe na mzizi wa kava, ambao wanaume huusaga wakanywa jioni, na anayeliondoa ni yule yule aliyeliweka, hakuna mwingine. Njia ya Mzee ilikuwa na ukoo mmoja tu wenye haki ya kuifunga, ukoo wa mjomba Naupa, na mjomba alipokaribia kufa alimpa Nikiau haki hiyo mbele ya wanaume wote. Kuanzia siku ile, kama Nikiau anaona Mzee hayuko sawa, analaza jani pale njia panda, na hata awe nani anageuza gari.

Sasa nieleze nilivyomharibia.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tupate uhuru, msimu wa kuvuna viazi vikuu. Meli nyeupe ya wageni ilitarajiwa kutia nanga kwenye ghuba, wageni arobaini, na upande wetu mzima ulikuwa umejiandaa. Mimi peke yangu nilikuwa nimesuka vikapu kumi na kimoja. Siku moja kabla, koo mbili za upande wa pili zilikuwa zinapatanishwa baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba, na kwa shughuli kama ile huwekwa majani ya namele kati ya pande mbili. Minamele mizuri ilikuwa kwa mama yetu. Mwanamke kulikata jani na kulibeba si kosa. Kosa ni kulilaza njiani. Basi nikaenda na panga langu nikakata majani kumi, kwa mkono wa kushoto, maana mimi ni mashoto, na tukayapakia nyuma ya pikapu ya Nikiau juu ya viazi na mikeka.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hiyo nilikaa mbele na kaka. Nyuma hakukaa mtu. Tulipofika kwenye korongo la njia panda gari liliruka, nikasikia kitu kimesugua bodi.

"Kaka, kuna kitu kimeanguka."

"Viazi vinajipanga," akasema. "Tulia, usije ukazaa kwenye gari langu."

Nyumbani nikahesabu majani, yakawa tisa. Nikahesabu tena, tisa. Mimi niliyekuwa wa pili darasani nikajiambia kwamba labda nilikosea kuhesabu nilipokuwa nakata. Majani tisa yakaenda kwenye mapatano yao, nikalala.

Asubuhi tukaondoka na vikapu, wanawake kwenye magari mawili ya kwanza, na nyuma yetu magari manne yenye wageni, yote yamekodishwa kutoka kila pembe ya kisiwa. Magari yakasimama njia panda. Hapakuwa na sababu ya kusimama pale. Nikateremka, nikawaona madereva wameshuka wote, wamepanga mstari, mikono nyuma, wanatazama chini kama watu waliofiwa.

Jani la namele lilikuwa limelala kukata njia, sawasawa kabisa, kana kwamba mtu amelipima kwa kamba. Mzee alikuwa amemwaga majivu kidogo wakati tumelala, na majivu yale yalikuwa yamefunika kikonyo, hivyo ukilitazama ungesema limefukiwa kwa mkono. Nilijua lile ni jani langu la kumi.

Mwenyekiti wa njia alikuwa Kahu, mtu wa ukoo wa jirani, mwenye sauti kubwa na filimbi shingoni. Akapuliza filimbi ingawa wote tulikuwa kimya.

"Nani ameambiwa njia imefungwa?"

Hakuna aliyeambiwa.

"Labda limepeperushwa na upepo," akasema dereva mmoja wa mji wa Lenakel.

"Upepo upi huo unaofukia kikonyo?" Kahu akamuuliza. "Kama una hakika, liondoe."

Yule dereva akakumbuka kwamba ana tairi la kukagua.

Wageni kule nyuma walikuwa wanapiga picha za sisi tunavyotazama jani. Ndipo mbwa mmoja mweupe akatoka kwenye majani, akaja akinusa, akalivuka jani lile bila haraka, akafika upande wa pili, akageuka kututazama. Watu wakashika vinywa.

"Mbwa wa nani huyo?" Kahu akauliza. "Mwenye mbwa ana nguruwe wa kulipa."

Mume wangu Iati alikuwa amesimama mbele kabisa. "Simjui," akasema. "Sura yake ni ya mbwa wa upande wa magharibi."

Mbwa akasikia sauti ile, akarudi mbio, akalivuka jani mara ya pili, akamlamba Iati miguu.

"Anakupenda sana kwa mbwa msiyejuana naye," Kahu akasema.

"Wanyama wote wananipenda, mzee wangu. Ni tabia yangu."

Wakacheka, mimi sikuweza. Nikiau alikuwa ndiyo kwanza anafika na pikapu yake, wa mwisho kwa sababu alikuwa amesimama kumwagia kioo maji. Watu wakampisha. Akachuchumaa mbele ya jani, hakuligusa, akapuliza majivu pale kwenye kikonyo mpaka mkato ukaonekana. Akautazama mkato ule muda mrefu. Mtu wa mkono wa kulia anapokata namele mshazari wake huelekea upande mmoja, wa mashoto huelekea wa pili, na kwetu mashoto tulikuwa wawili tu, marehemu nyanya na mimi. Kisha akainua macho, akanitazama mara moja. Mtoto tumboni akageuka.

"Nikiau," Kahu akasema, "hili jani ni lako?"

Kaka yangu hakuwa mwongo, na hata siku ile hakudanganya. Alisimama, akajipangusa magoti.

"Jani ni jani," akasema. "Geuzeni magari."

Magari yakageuzwa. Wageni walipelekwa kwenye chemchemi za moto kule ghubani, wakachovya miguu, wakala laplap, viazi vya kukunwa tulivyovifukia kwa mawe ya moto tangu alfajiri kwa ajili ya karamu ya kushuka mlimani, wakanunua vikapu vichache kwa huruma, wakarudi melini. Meli ile haikuja tena.

Jioni, wanaume walipokwenda kunywa kava, Nikiau alichelewa makusudi, akanifuata shambani kwangu.

"Yalikuwa kumi?" akauliza.

"Kumi."

"Na ulisema kimeanguka kitu."

"Nilisema. Ukasema viazi vinajipanga."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta langu la viazi, akavunja mashina mawili ya viazi vyangu, nami nikamgombeza, naye akazidi kucheka. Nilipoona ametulia nikamwambia nitakwenda kwa Kahu kusema ukweli, nguruwe tutalipa, Iati atanuna wiki moja yataisha.

"Huendi popote."

"Kaka, watu wamekukasirikia wewe, na kosa ni langu."

"Nisikilize, Merian. Leo magari sita yamegeuka kwa ajili ya jani, na hakuna mtu aliyejua nani ameliweka. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Wewe ukienda kusema lilianguka garini, basi kuanzia kesho kila nikilaza jani, patakuwa na dereva wa kusema hilo nalo limeanguka kwenye gari la mtu. Nitawafungia njia kwa kitu gani tena? Kwa filimbi ya Kahu?"

Nikainama kuyasimamisha mashina aliyoyavunja.

"Acha liwe langu," akasema. "Nitaliondoa mimi kwa utaratibu wake."

Na akaliacha wiki tatu, kwa sababu jani lililogeuza meli nzima haliondolewi siku ya pili kana kwamba lilikuwa mchezo. Wiki zile tatu Mzee alituaibisha. Hakurusha jiwe hata moja kupita ukingo. Alitoa moshi mwembamba, mweupe, kama wa mwanamke anayechemsha maji ya chai. Watu wakampa kaka yangu jina la Bwana Jani. Waliopanda gari lake kwenda soko la Lenakel waliuliza, "Bwana Jani, breki zimeruhusiwa leo?" Wifi yangu Lesi, mke wa Nikiau, alikuja kunilalamikia kwamba hawezi kwenda kuteka maji bila kusikia kicheko, nami nikamsikiliza, macho yangu chini, nikimenya viazi.

Mume wangu ndiye aliyezidi. "Shemeji," alimwambia akiwa kwetu, "Mzee wako amelala. Tumpelekee uji?"

"Mpelekee," Nikiau akasema. "Nenda na yule mbwa usiyemjua."

Siku alipoliondoa jani, Nikiau alileta mzizi wa kava mkubwa kwenye uwanja wa wanaume kama desturi inavyotaka. Sisi wanawake hatusogei pale wakati wa kava, kwa hiyo niliyapata asubuhi kutoka kwa Iati, na safari hii Iati hakuwa na utani. Kahu alikuwa amesimama mbele ya wote akasema kwamba jani la mtu ambaye mlima haumsikii si jani, ni kuni. Wazee walibishana sana. Mwisho wakakubaliana hivi: Nikiau amebakiwa na jani moja. Siku atakapofunga njia tena, kama Mzee hakufanya kitu ndani ya siku tano, haki ya jani inatoka kwenye ukoo wa Naupa na kwenda nyumbani kwa Kahu, moja kwa moja.

"Na Kahu anajua nini kuhusu mlima?" nikamuuliza Iati.

"Anajua saa ya kufungua," akasema. "Ya kufunga sijawahi kumsikia akiijua."

Namna hiyo kaka yangu aliishi miaka tisa na jani moja.

Najua alivyoishi, maana tulikuwa majirani. Siku ambazo hakumwamini Mzee, zamani angelaza jani asubuhi, mchana akaliondoa, watu wakaendelea. Sasa hakuthubutu. Badala yake gari lake liliharibika. Mwaka mmoja klachi ya ile pikapu iliharibika mara kumi na moja, na fundi hakuitwa hata mara moja. Wageni wake waliachwa salama kijijini wakila papai, lakini magari ya wengine yalipanda. Hapo Nikiau alikwenda kwa miguu mpaka njia panda, akawazuia kwa maneno. Mtu ambaye hakuwa msemaji akajifunza hadithi ndefu. Alimweleza dereva habari za nguruwe wake mwenye meno yaliyojikunja mizunguko miwili, jino kwa jino, mpaka upepo ubadilike au Mzee aonyeshe anachotaka. Wengine walisikiliza, wengine walipiga honi wakapita.

Katika miaka ile alizeeka usoni. Nilimwambia mara mbili nikaseme ukweli. Mara zote mbili alinipa jibu moja: "Suka mkeka wako."

Mwaka wa tisa, mwezi wa mvua, Mzee akanyamaza. Hakunguruma siku nzima. Usiku ule na kesho yake kimya, mpaka kuku wakawa wanazunguka uani bila kujua wafanye nini. Pembezoni mwa shamba letu kuna matundu ya mvuke ambako sisi wanawake hupika viazi, unavifunga kwa majani, unaviweka tunduni, unasuka mkeka mpaka mstari wa nne, vinakuwa vimeiva. Siku ile ya pili Lesi alivuta viazi vyake, akavishika, akanitazama.

"Wifi, nimesuka mistari miwili tu."

"Vibichi?"

"Vimeiva mpaka vinavunjika."

Nikaweka vyangu. Mistari miwili, vimeiva. Tukaacha mikeka pale pale tukaenda kumwambia Nikiau. Tulimkuta kando ya pikapu yake, amekaa chini, mgongo kwenye tairi. Alisikiliza habari ya viazi mpaka mwisho. Akamwuliza Lesi vilikuwa viazi vikubwa au vidogo. Vikubwa. Akasema, "Haya," akachukua panga.

Jani lile alilikata mwenyewe kwa mama, mkato wa mkono wa kulia, akalilaza njia panda kabla ya saa sita mchana. Kisha akaenda kwa Kahu kumwambia kwa mdomo wake, asije akasema hakuambiwa.

"Una hakika?" Kahu akamwuliza. Nilikuwa uani kwao naazima mbuzi ya kukunia nazi, nikasikia. "Unajua hili ni la mwisho."

"Najua kuhesabu mpaka moja," Nikiau akasema.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya, na watu wakaanza kutabasamu. Dereva mmoja alimwambia Kahu aanze kutafuta panga zuri la kukatia namele. Siku ya tatu Kahu alikuwa na wageni wanane waliokuja kwa ndege kutoka mji mkuu, Port Vila, wanaondoka kesho yake, na walikuwa wamemsihi sana. Akawapakia kwenye gari lake, akawapeleka mpaka njia panda ili angalau wamtazame Mzee kwa mbali. Mpaka leo simlaumu Kahu kwa lolote, kwa sababu ya siku ile. Alifika mbele ya jani ambalo likidumu siku mbili zaidi linakuwa mali ya nyumba yake. Hakuna mtu wetu aliyekuwa anamwona. Wageni wakamwambia ni jani tu. Kahu akazima injini, akawaambia wateremke watazamie pale pale.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilikuwa shambani. Ardhi ilinisukuma miguuni kwanza, mlio ukafuata, mlio ambao sijausikia kabla wala baadaye, na madirisha ya kanisa yakashuka yote pamoja. Mawe yalikwenda juu mpaka yakaonekana madogo kama ndege. Kahu aliwasimamisha wageni wake kwa maneno ya Nikiau, wasikimbie, wayatazame, wangoje. Hawakulazimika kupiga hatua hata moja. Mawe yalishuka juu ya njia ya miguu, na kubwa kuliko yote lilitua pale ambapo siku zote huegeshwa magari, mwendo wa dakika kumi kupita jani. Baadaye lilipopoa tulikwenda kulitazama. Lilikuwa kubwa kuliko nguruwe jike aliyeshiba, na chini yake mchanga ulikuwa umeyeyuka ukawa kama kioo cha chupa.

Kahu alikuja kwa Nikiau mchana ule ule. Alileta mzizi wa kava na jogoo, akaviweka chini. Alivua filimbi shingoni, akaivaa tena, akasema, "Jani ni lenu. Halirudi kujadiliwa." Akaondoka.

Watu walijaa uani wakimsifu kaka yangu. Nilimtafuta, sikumwona. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, ametapika.

"Kaka, umeshinda."

"Siku tatu zilizopita niliwapandisha watu sita," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ya kwanza Mzee aliponyamaza, Merian. Nilijua hayuko sawa. Mjomba angelaza jani asubuhi ile ile. Mimi nikasema, na kama si kweli? Nina moja tu. Nikawapandisha watu sita mpaka ukingoni, mmoja mwanamke mwenye umri kama wa mama. Nikawasimamisha pale, na Mzee yuko chini anavuta pumzi. Niliwashusha kabla hawajamaliza kupiga picha." Akajifuta mdomo. "Ningekuwa na majani mia, wasingepanda."

Hilo ndilo nililolibeba. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kosa langu lilikuwa vicheko na jina la Bwana Jani. Nikamwambia, sasa ni lazima niseme, leo, watu wakiwa hapa wote. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza nikafunge mlango huo wa majani ya kuanguka," akasema.

Wiki ile alichimbia nguzo mbili za mti mgumu pale njia panda, moja kila upande wa njia. Tangu siku ile jani la Mzee halilazwi chini. Hufungwa kwa kamba katikati ya nguzo, fundo la mjomba Naupa, usawa wa kifua cha mtu. Lililo chini halifungi njia ya mtu. Watu walidhani ni kwa ajili ya magari, lionekane kwa mbali. Alifunga na kufungua mara nyingi sana baada ya hapo, siku mbili, nusu siku, mara nyingine saa moja, na Mzee mara nyingi hakufanya kitu, na hakuna aliyehesabu. Hakupoteza mgeni hata mmoja maisha yake yote. Klachi nayo ilipona kabisa.

Nikiau alitutoka mwaka juzi, msimu wa viazi vikuu. Alikuwa ameshaacha usukani, anatembea mpaka njia panda na fimbo kila asubuhi, anasikiliza, anarudi. Jani sasa analo mwanawe, aliyepewa jina la mjomba, Naupa. Yeye husikiliza pia redio ya serikali inayotaja namba ya hatari ya Mzee kila siku, na simsemi vibaya, lakini nimemwona asubuhi akipita kwetu kuuliza viazi vimechukua mistari mingapi.

Siku ya tano baada ya maziko, tumekaa watatu tu, mimi, Iati na Naupa, nikawaambia yale ambayo sikutaka yamrudishie kaka vicheko akiwa hai. Majani kumi, korongo, mkato wa mashoto, yote. Naupa akasema, "Ndiyo maana ya nguzo." Iati alitazama chini, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia.

"Mbwa wangu," akasema. "Nilimkana mbwa wangu mbele ya watu, bure."

"Ulimkana mara mbili," nikamwambia.

"Alikufa ananiangalia kwa jicho baya. Sasa najua."

Tulicheka pale msibani mpaka Lesi akaja kutuuliza kama tuna akili. Nilimwuliza Naupa kama naweza kuyaandika haya, akasema, "Andika, shangazi. Jani lisiloning'inia si letu."

Kwa hiyo nimeandika. Majani ya namele bado natumwa kuyakata, maana minamele ya mama iko hai na mkono wangu wa kushoto bado una nguvu. Wajukuu wanataka nikae mbele, kwenye kiti, mtu mzima kama mimi. Nakataa. Napanda nyuma, nayapanga majani, nayahesabu, kisha nayakalia mpaka tumevuka korongo.